Macho ya Likenge

Chamazi, 9 Oktoba 2024

Shangazi Hija,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sie wazima. Nampa mume wangu Anwar barua hii akienda kazini huko Kurasini, maana simu yako najua ni tochi tu.

Nimemaliza mnyama wa ukuta wa chekechea. Mwalimu Felicitas alitaka kitu ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukiona. Basi kiwiliwili nimetoa kwa kenge, magamba ni ganda la fenesi, mabawa ni mwamvuli uliovunjika, miguu ya jogoo. Puani unatoka moshi kama wa chetezo chako. Watoto wanamwita Likenge.

Macho yalinisumbua wiki nzima. Mwishowe nikachora ya Mzee Sadallah, mlinzi wa hapo shuleni, akisinzia macho wazi pale getini. Hajui. Yamekaa vizuri mno, yanakufuata popote uendapo.

Mwanao, Najat

Kurasini, 12 Oktoba

Najat mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linanitabiria mvua. Nimecheka kwa hilo fenesi lenye mabawa.

Lakini la macho sijalipenda. Nilipokufundisha kuchora piko nilikwambia nini? Mkono wa bibi harusi huombwa kabla ya kushikwa, hata kama amekulipa. Sembuse macho ya mtu. Nenda kamwombe huyo mzee, leo.

Shangazi yako

Chamazi, 20 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Sikuwahi kumwomba. Siku niliyopata barua yako, Mzee Sadallah alianguka getini. Kiharusi. Hasemi, upande wa kushoto umelala.

Binti yake, Salma, alipokuja kuchukua redio ya baba yake aliuona ukuta. Akapiga kelele: "Haya macho ya baba! Nani kamweka baba yangu humu?" Sasa mtaa mzima unasema nimemfunga mzee ukutani. Watoto wawili wameondolewa shule. Jana mtu kapiga mlango wangu kwa teke akisema, "Mtoe mzee wa watu, mwanga wee!"

Wengine wananiambia nifute. Nikifuta, mzee akafa, nimemuua mie. Nikiacha, akafa, nimemuua mie vilevile. Silali, Shangazi. Nifanyeje?

Najat

Kurasini, 21 Oktoba

Mwanangu,

Usifute. Usiongeze hata nukta.

Nenda kwake mchana kweupe, watu wakuone. Jifunge khanga, ingia na Anwar, umwombe ulichotakiwa kumwomba mwanzo. Atakachoashiria ndicho ufanye. Hata wakikutukana, usijibu. Ningekuja, ila goti halinipandishi hata kwenye bajaji.

Nami naogopa, nisikufiche.

Shangazi

Chamazi, 2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Nilikwenda. Salma alinifungulia bila kuitika salamu. Chumba kilijaa majirani. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikasema, "Mzee, nilichukua macho yako bila ruhusa. Naomba uniruhusu, au uyadai."

Anwar akamwonyesha picha kwenye simu. Mzee akaitazama. Nusu ya mdomo ikacheka. Akagusa jicho la kushoto la Likenge, kisha akagusa lake la kushoto, ambalo limefumba.

"Anataka ulifumbe," Salma akasema. "Awe kama yeye."

Nililifumba siku hiyohiyo, mtaa mzima umenizunguka, wakinisonga hata kope ikapinda. Asubuhi mzee alikuwa hai. Akala uji. Watu wakaacha kupiga mlango wangu.

Nikadhani yamekwisha. Lakini Salma kila alfajiri anapita kwanza kuangalia ukuta, ndipo anakwenda kumwamsha baba yake. Na goti lako limesema kweli: mvua imeanza, na rangi ya jicho la kulia, lile lililo wazi, inabanduka. Kulipaka upya naogopa: mzee aliniruhusu la kushoto tu.

Jana ilinyesha ya upepo. Nilikimbia na turubai la jirani, nikamkuta Salma keshafika, kalowa chapachapa, kalikinga lile jicho kwa viganja vyake. Hakunitukana. Alisema tu, "Shika huko." Tukashika, yeye huku mie kule, mpaka ikakata.

Naandika haya wingu likiwa jeusi upande wa Mbagala. Turubai mwenyewe kalichukua.

Shangazi, goti au si goti, njoo. Njoo na turubai.

Mwanao, Najat