Mtumbwi Uliotolewa Ukumbini

Bukoba, mwezi wa Aprili, mwaka wa sitini na moja tangu niondoke Ifakara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako hajambo, ila anasema umekonda kwenye picha.

Unauliza kama sisi tulijua maigizo. Miaka ya hamsini dada yangu Tekla aliigiza ukumbini Ifakara. Mchezo ulikuwa wa kuchangia mtumbwi wa kuvushia wagonjwa, maana masika ilikaribia, na mto Lumemo ukifurika watu wa ng'ambo hawafiki hospitali. Kiingilio kilikuwa mpunga, nao ulipatikana kidogo, haukutosha kununua mtumbwi. Mwalimu aliyeandaa mchezo akatuamuru tukae kimya, tukakaa kama tuko kanisani.

Tekla, mgonjwa kando ya mto, akalia: "Nani atanivusha?"

Mvuvi mmoja mzee, wa kabila la Wandamba, akasimama. "Mimi, mwanangu! Mtumbwi wangu ni mpya. Amka twende!"

"Mzee, huu ni mchezo tu," mwalimu akamwambia.

"Si mmetuita kwa ajili ya wagonjwa? Nimesema nautoa!"

"Autoe tu," mtani wake akadakia, "kasia nitapiga mimi, yeye atauzamisha!"

Ukumbi ukalipuka. Wanaume wakagombea zamu za kasia, wanawake wa upande wa Katindiuka, pale pale Ifakara, wakaahidi kuwapikia. Tekla akasahau ugonjwa wake, akaruka akipiga vigelegele. Masika ile mto ulifurika, na wagonjwa wakavuka.

Baadaye nimeona michezo mizuri zaidi, watazamaji wakiwa kimya. Hakuna uliojibiwa kama ule.

Ukipita Ifakara, simama uutazame mto kwa niaba yangu. Mimi sitarudi tena.

Babu yako