Usukani Ulipokuwa Mwepesi

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Bunda tu wazima, mama yako anavuna pamba. Ila swali lako limeninyima usingizi: eti upepo unaweza kuinua hicho kigari chenu cha mashindano?

Unaweza. Nilipokuwaga kijana, mimi na kaka yangu Magesa tulibeba mtumbwi juu ya gari dogo kutoka Kibara. Pua ya mtumbwi tukaiinua kwa gunia, tuone barabara. Mteremkoni Kaka akakanyaga mafuta, upepo ukaingia chini ya mtumbwi, ukainua gari upande wa mbele.

"Usukani umekuwa mtamu, mwepesi!" akacheka.

Kona ikaja. Akakata usukani, gari likanyooka tu porini.

Mungu alitutoa. Kibawa cha mbele cha kigari chenu kiinamisheni, kilikandamize gari. Na usukani ukiwa mtamu, mama, ogopa.

Babu yako