Mahari na Kura

Goma, Jumamosi, Desemba 1959

Na bado wanasema uchaguzi huu umetukomaza!

Leo wakwe walifika kutoka Rutshuru na ng'ombe wa mahari ya binti yangu Veronika. Chungu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kikawekwa katikati, mirija ikatiwa ndani. Mjomba wa bwana harusi, ambaye chama chake kimeshinda, akakunja mikono.

"Muzee, siye hatuwezi kunywa chungu kimoja na watu walishindwa."

Ndugu yangu Leonardi, mfuasi wa hao walioshindwa, akaruka. "Basi rudisha ng'ombe yako! Ao naye alipiga kura?"

Wanaume wenye tai shingoni wakazozana mpaka ng'ombe mwenyewe akachoka kusimama, akalala. Nyuma ya mlango nilimsikia Veronika akilia. Niliwasihi. Hakuna aliyenisikiliza.

Ndipo nyanya wa bwana harusi akajikokota hadi kwenye chungu, akavuta mrija.

"Nyinyi bababa ndio mulipiga kura. Siye bamama hawakutuita. Muendelee tu, siye tunakunywa."

Mke wangu akamfuata, kisha shangazi wote. Washindi na washindwa walipogeuka, chungu kilikuwa kimekauka. Wakaagana bila kupeana mikono, wote na kiu yao.

Kwa kuwa pande zote mbili zimekunywa chungu kimoja, ng'ombe amebaki. Veronika ataolewa, atakwenda kuishi nyumbani kwa yule mjomba, anakokaa bwana harusi.

Nimecheka sana jioni hii. Lakini nyanya yule ni mzee mno, na sikuona kati yao mtu mwingine ambaye atamtetea binti yangu.