Kwa Shemeji, Juu ya Gari Lililolala Upande

Mpendwa shemeji,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, kwa hivyo salamu leo nimeziruka. Barua ya dada yangu Wambui ilifika jana kutoka huko kwenu Maragoli, na nimeisoma mara tatu. Kila nikifika pale anapokutaja naikunja, naiweka mezani, natoka nje, halafu narudi kuisoma tena. Nitakwambia alichosema. Kwanza nataka nikukumbushe jinsi tulivyolitengeneza lile gari, maana naona umesahau sisi wawili ni watu wa namna gani.

Wazo lilikuwa lako. Ulikuwa umechoka kuona mashine za kumenya kahawa zikifunguliwa vipande vipande shambani, zikapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kuletwa Ruiru kwenye kibanda changu, na zikirudi kuna nati mbili ambazo hakuna anayejua zimeingia wapi. Ukaniambia, "Shemeji, kwa nini mashine itembee? Si afadhali kibanda kitembee?" Nilidhani unanitania. Wiki ile ile ukaja na boksibodi, gari kuukuu lenye sanduku la mbao mgongoni, lililokuwa likibeba mikate Thika. Ndani lilikuwa bado linanukia mkate. Nilifurahi sana siku ile, ingawa nilichokwambia ni kwamba tairi zimekwisha.

Tuligawana kazi bila kubishana hata kidogo, na ubaya ulianzia hapo. Mimi fundi wa chuma, wewe dereva na mtu wa mbao. Tena siku hizi za Hali ya Hatari, mimi Mkikuyu siwezi kutoka Ruiru kwenda Thika bila pasi, na wewe Mmaragoli ukionyesha kipande chako, ile karatasi ya kitambulisho, barabarani unaambiwa pita. Nikipata pasi tulikwenda wote. Nikiikosa ulikwenda peke yako, ukafanya uliyoniona nikifanya, na mara nyingi ulifanya vizuri kuliko nilivyokubali kusema.

Ulipiga rafu na droo kumi na mbili upande wa kushoto, na kila droo ukaigongomelea bolti moja mbele ili tujue kilichomo bila kufungua. Kazi safi sana. Mimi nikaleta fuawe, mivukuto, spana, tupa na ile vaisi ya kubania vyuma. Uzito wake unaujua. Tuliinyanyua wawili, kila mtu akitukana kimoyomoyo kwa lugha ya kwao. Wewe ukaivuta kwako, ukaitua pembeni mwa meza ya kazi humo garini, nyuma kulia, juu kabisa ya gurudumu, jirani na fuawe. Halafu ukaenda kunywa chai.

Nilipotazama, gari lilikuwa limelala upande wa kulia na springi zimebonyea. Hata mtu anayepita njiani angeona. Lakini wewe ndiye uliyeiweka, na wewe ni mume wa dada yangu. Kwetu shemeji haambiwi "umekosea" hivi hivi. Nikajisemea, pengine ana sababu zake. Nikachukua drili nikatoboa meza, nikaifunga vaisi hapo hapo kwa bolti nne. Ukarudi, ukaangalia, ukasema, "Ni sawa, shemeji." Na mimi nikasema ni sawa.

Miezi miwili tulizunguka mashambani tumeinama. Mimi nilikuwa najibana kwenye mlango wa kushoto nikijaribu kulisawazisha gari kwa mwili wangu. Baadaye nikaja kujua kwamba wewe ulidhani sipendi kukaa karibu nawe.

Mpaka siku ile kwenye mteremko wa Ndarugu. Mvua ilikuwa imenyesha, gurudumu la kulia likaingia shimoni, gari likainama, na droo zote kumi na mbili zikachomoka kwa pamoja. Milango ya nyuma ikafunguka, nati zikamwagika barabarani. Tulipiga magoti kwenye tope jekundu tukiziokota moja moja, suruali zetu za kazi hazitamaniki. Ndipo ukauliza kwa upole wako ule unaonichosha.

"Shemeji, hii vaisi ulitaka ikae hapa kwa nini?"

"Mimi? Si wewe ndio uliiweka?"

"Niliiweka tu kwa muda, nipumzishe mkono. Kurudi nikapata umeifunga na bolti nne."

"Na uliona gari imelala?"

"Tangu siku ya kwanza. Nikasema labda ufundi ya kwenu ndiyo hiyo."

Nilikuwa na spana mkononi na ninashukuru kwamba sikuitumia. Tulipofika nyumbani tukamsimulia Wambui, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. "Ai, nyinyi mnaheshimiana vibaya," akasema. "Siku moja mtapotezana na hakuna mtu atauliza mwingine anaenda wapi." Kesho yake tukaihamisha vaisi mbele, nyuma ya viti, katikati. Ilituchukua nusu saa. Tangu hapo gari likatembea wima, na sidhani kama nimewahi kufanya kazi kwa raha kama mwaka ule.

Halafu ukaja ujumbe kwamba mzee wako anaumwa. Ulisimama mlangoni pa kibanda umeshika kofia. "Shemeji," ukasema, "nikienda nikikaa huko kabisa, wewe na gari mtaweza?" Nilikuwa nimeinamia kazi yangu. Nikakujibu, "Hapana shida. Nenda." Ulingoja kidogo. Nikaendelea kupiga tupa kile kipande cha chuma, ambacho kilikuwa kimeshakwisha zamani. Niliona moyo wako umeshafika kwenu, na nikikuzuia nitakuweka kati yangu na baba yako mzazi. Nikawabebea sanduku, wewe na Wambui, hadi stesheni, tukangoja treni karibu saa nzima tukizungumza habari za mvua.

Sasa gari limesimama nyuma ya kibanda. Kuku wa jirani wanataga kwenye droo ya bolti nene. Kahawa imeiva, na karani wa lile shamba la upande wa Thika ametuma mtu mara mbili: mashine yao imekwama na kahawa mbivu inachacha kwenye magunia. Nimeomba pasi, nimenyimwa. Akitafuta fundi mwingine msimu huu, hatarudi kwetu tena. Na yuko mchuuzi wa viazi anayetaka kulinunua gari, ila kwanza ning'oe rafu zako zote apate mahali pa magunia. Alisema atakuja Jumamosi kusikia neno langu. Nikikubali, narudi kukaa kibandani kungoja mikokoteni, na yote tuliyoyajenga yanakuwa kuni.

Katika hali hiyo ndipo napata barua ya Wambui. Anaandika: "Mzee amepona, anatembea mpaka sokoni, na shamba ndugu zake wanalima. Huyu bwana anakaa tu. Nikimwambia turudi Ruiru anasema hawezi kurudi bila kuitwa. Ati ulimwambia nenda haraka sana, labda ulikuwa umemchoka."

Nimekuchoka? Miezi mitatu, shemeji. Miezi mitatu wewe unangoja uitwe, na mimi nangoja uje kwa hiari yako nisije nikaonekana namwamuru mume wa dada yangu. Watu wazima wawili, wenye kujua kusoma na kuandika. Nimekasirika nawe na nimejikasirikia zaidi, kwa sababu wewe angalau uliuliza.

Basi heshima iniwie radhi leo. Siku ile mlangoni nilisema uongo. Shida ipo, tena kubwa, na haihusu pasi peke yake. Hata wangenipa pasi ya kwenda popote nisingetaka dereva mwingine. Naongea peke yangu humu kibandani tangu uondoke. Nilipotoka stesheni siku ile nilipita njia ya nyuma, watu wasione uso wangu.

Mchuuzi wa viazi nimempelekea neno asubuhi hii kwamba gari haliuzwi. Sikukuuliza, na wala sitakuomba msamaha. Karani naye nimemwambia dereva wangu anafika wiki ijayo.

Nakuita, shemeji. Njoo.

Mimi shemeji yako,
kaka yake Wambui