Nyota Nisizoziona Sanya Juu

Moshi Mjini,
Jumapili.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mnaendelea vizuri huko Kilema, na kwamba mguu wa Mama umeacha kuvimba. Mimi nipo. Ndizi mlizonitumia nimezipika, hata majirani wameonja.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijamaliza.

Wiki iliyopita nilisafiri na kile kikundi chetu cha watazamaji wa nyota. Swaleh, mwenye duka la vitambaa, alibeba darubini yake hadi kwenye uwanda ulio mbele ya Sanya Juu, kusiko na taa hata moja. Tulikunywa chai ya tangawizi tukisubiri giza. Lilipoingia, wenzangu walipiga kelele za furaha. Rafiki yangu Rukia alinishika bega akasema, "Zita, zimejaa mpaka chini kwenye majani!"

Nilitazama juu, Baba, nikaona weusi mtupu. Nikaitikia tu kwamba zinapendeza. Kwenye darubini niliiona sayari ya Zohali na pete yake, nikafurahi mno, lakini nilipogeuka nilikanyaga birika nikaanguka. Rukia hakucheka. Alinishika mkono hadi garini, akaniuliza kwa upole tangu lini sioni gizani.

Ndiye aliyenisindikiza kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni ugonjwa wa kurithi, na kwamba uoni wangu utapungua polepole. Akauliza nani nyumbani ana tatizo hilo. Nikakukumbuka wewe unavyojikwaa kwenye migomba jua likishazama, watu wakisema ni pombe ya mbege, nawe unacheka bila kujitetea. Wewe usiyeonja hata kikombe! Nadhani uliona afadhali wakuite mlevi kuliko sisi tuingiwe na hofu.

Daktari anataka kutuona wote wawili. Hana dawa ya kuponya, ila anasema yapo mengi ya kutusaidia. Jumamosi asubuhi nitakuja kukuchukua. Usikatae, Baba. Nikiwa na wewe sitaogopa sana.

Mama sijamwambia lolote. Hilo nimekuachia wewe.

Msalimie sana, pamoja na dada Eliona na wanawe. Mungu awatunze hadi tutakapoonana.

Binti yako akupendaye,
Zita