Laini za Nyuma ya Kiwanda cha Pamba

Jumatatu, 4 Machi 1991

Picha za angani tena, tunachora ramani ya mji wa zamani. Macho yanauma. Leo ni eneo la viwanda, lilivyopigwa picha kutoka ndegeni kabla sijazaliwa. Nimechora reli, gati, maghala ya Wahindi, kiwanda cha pamba. Nyuma yake laini za wafanyakazi, safu za vyumba vya mabati vilivyopangwa kama vipande vya sabuni. Bwana Odera, mkubwa wetu, aliinama begani kwangu akacheka.

"Hapo ndipo chang'aa ya mji mzima ilipopikwa."

Nikacheka pia.

Mama alipika pombe hiyo haramu hapo. Ndiyo iliyonisomesha. Nilizaliwa hapo. Ofisini niliwaambia nimekulia Milimani, mtaa wa wenye pesa.

Jumatano, 6 Machi

Bwana Odera anatafuta wazee waliokaa kule, watutajie majengo ambayo sasa hayapo. Tangazo limesomwa makanisani hadi Manyatta. Jioni nilipita kwa Mama, huko huko Manyatta. Alikuwa amelisikia. Furaha tele. Nikamwambia tumeshapata watu wa kutosha. Uongo. Alisema "sawa", akaniwekea ugali na omena, dagaa wa ziwani. Nilikula haraka nikaondoka.

Ijumaa, 8 Machi

Mama amekuja ofisini. Gauni la kanisani, viatu vimepakwa rangi. Alinitafuta kwa macho, akatabasamu. Bwana Odera akaniuliza kama namfahamu. Nikasema namwona tu Manyatta, anauza mboga.

Alisikia. Alikuwa karibu hivyo.

Akaketi. Akaeleza kila kitu: bomba la maji, duka la mkate, nyumba ya fundi Kalasinga aliyepeleka watoto wa laini hospitali kwa gari lake. Halafu akaweka kidole kwenye bati moja.

"Mlango wa tatu. Nilizaa hapa, mvua ikivuja hadi kitandani."

Bwana Odera akashika kalamu. "Nikuandike mama nani?"

Hakunitazama.

"Niandike Rusalina tu."

Nilikimbilia chooni. Nikajifungia humo mpaka alipoondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Sikutoka. Najichukia.

Jumapili, 10 Machi

Nilimkuta Mama uani akianika omena. Nilianza kuomba msamaha, kilio kikanishika.

"Ile pombe si mimi niliuza?" aliuliza. "Aibu ya nini kwako?"

Aliendelea kugeuza omena. Sikupewa kiti.

Jumatatu, 11 Machi

Nimesema ofisini mbele ya wote, nikiwa nimesimama. Rusalina ni mama yangu. Mtoto wa mlango wa tatu ni mimi. Bwana Odera aliweka kalamu chini.

"Na mimi nilicheka," alisema.

Nilidhani ningejisikia mwepesi. Wapi.

Jumamosi, 16 Machi

Nilimwomba Mama anionyeshe mahali penyewe. Alikubali bila maneno mengi. Tulienda kwa miguu. Laini hazipo. Nyasi, saruji iliyopasuka, mbuzi wa mtu. Alitembea mbele, akasimama, akasema ni hapa. Nikasimama naye.

Barabarani, mwanamke anayeuza miwa alimwuliza mimi ni nani.

"Ni wa ofisini," Mama alijibu.

Akanunua muwa mmoja. Akauvunja gotini. Akanipa upande wa chini, ule mtamu. Tukala tumesimama, jua likiwa kali.