Mkalimani wa Ngulyati

Ngulyati, 9 Agosti 1994

Dada Eufrasia, mwangaluka.

Mama anapona kikohozi, na pamba tumemaliza kuvuna. Mimi bado ni mkalimani wa Wazungu wanaojitolea kupanda miti.

Juzi Karin, kiongozi wao, alitangaza mkutanoni kuwa malisho yetu yamekuwa hifadhi. Nikatafsiri kwa Kisukuma, baba ameketi mbele yangu.

"Milembe, unanifukuza wewe?"

"Ni maneno yao, baba."

Tangu hapo hasemi nami. Nikiacha kazi, hakuna atakayewaeleza kilio chake. Nikiendelea, kila katazo linatoka kinywani mwangu.

Leo baba ameingiza ng'ombe kwenye miche. Karin akaniagiza niandike jina la mwenye ng'ombe, apelekwe wilayani. Nimeandika langu. Kesho naitwa huko, na baba hajui.

Mdogo wako,
Milembe